Ni Nani Alipaye Kiti cha Mwanafunzi?

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulionja karibu kila siku, lakini ni wachache wanaokaa chini na kulifikiri: nauli ya basi. Hatutasema kama nauli ni kubwa au ndogo. Malalamiko hayo twayasikia kila asubuhi, wala hayahitaji gazeti. Tunataka kuuliza neno moja tu. Serikali inaposema, «Mtu huyu alipe kidogo,» au, «Basi hili lifike hata katika kijiji kile cha mbali,» ile feza iliyopungua inatoka katika mfuko wa nani?

Mfano wetu wa kwanza tutautoa Dar es Salaam. Mji huo si mgeni kwetu: bidhaa nyingi za Katanga na za Kivu hupita katika bandari yake, na wafanyabiashara wetu wanazijua njia zake. Tena lugha yao ndiyo yetu, ijapokuwa wao hutucheka namna tunavyoisema. Huko shida tunayotaka kuieleza imeanikwa juani, kila mtu aione.

Asubuhi na mapema, kituoni, utaona watoto wa shule wamesimama makundi makundi, mashati meupe, sketi na kaptura za buluu. Basi dogo, liitwalo daladala, linakuja. Konda, yaani mpokea feza, ananing'inia mlangoni. Anatazama kundi, anahesabu kwa jicho. Basi halisimami mbele ya watoto. Linasogea hatua ishirini zaidi, linapakia watu wazima, linaondoka. Mara nyingine konda anapaza sauti: «Wanafunzi wawili tu!» Wawili wanapanda, wengine wote wanabaki. Watoto wakubwa hujaribu kupita dirishani. Mtoto wa miaka saba hawezi kushindana mlangoni na fundi mwenye mikono minene aendaye kazini. Anafika shuleni somo la kwanza limekwisha, na mwalimu anaandika katika daftari neno «mchelewaji». Daftari halina nafasi ya kuandika kwamba mabasi matano yalimpita.

Jioni mambo ni mabaya zaidi. Msichana aliyekataliwa na basi baada ya basi, giza likiingia, akiambiwa na mwenye pikipiki, «Panda, nitakufikisha bure,» ni nani atakayemlaumu akipanda? Lakini bure hiyo mara nyingi hudaiwa baadaye. Wazazi na walimu wa Tanzania wamelilia jambo hili kwa miaka mingi. Hadi Novemba 2021, msichana wa shule ya Serikali aliyepata mimba aliondolewa shuleni wala hakurudi. Mwezi ule ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba ataweza kurudi baada ya kujifungua. Basi, tunaposema nauli, hatusemi juu ya sarafu peke yake.

Watu husema: konda ni mtu mbaya. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tufanye hesabu pamoja. Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, shikeni kalamu. Mnamo Desemba 2023, mamlaka ya Serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu huko, iitwayo LATRA, ilitangaza nauli za mjini. Kwa safari isiyozidi kilomita 10, mtu mzima alipe shilingi 600. Mwanafunzi abaki na shilingi 200, kama zamani. Kiti ni kile kile, mafuta ni yale yale, matairi huisha sawasawa. Konda akipakia wanafunzi 10 mahali pa watu wazima 10, atapata 2,000 badala ya 6,000. Zile 4,000 ni nani aliyezitoa? Hazikutoka katika sanduku la Serikali. Hakuna dirisha la ofisi ambapo konda atapeleka idadi ya watoto aliowachukua, apewe kilichopungua. Amri ya wema ilitolewa ofisini, na gharama ya wema huo ikaachiwa kijana anayening'inia mlangoni.

Wala kijana huyo siye mwenye basi. Asubuhi dereva na yeye hulichukua gari kwa tajiri, na jioni hurudisha kiasi kilichopangwa, ikiwa siku ilikuwa nzuri ama mbaya. Kiasi hicho watu wa Dar es Salaam hukiita hesabu. Sisi, kwa Kifaransa chetu, tunakiita versement. Kwanza yanunuliwe mafuta, kisha itengwe hesabu ya tajiri; kitakachobaki ndicho chakula cha nyumba mbili, ya dereva na ya konda. Hakuna mshahara wa mwezi, na kwa wengi hakuna karatasi yoyote ya mapatano. Mwenye kuishi namna hii, kila mtoto wa shilingi 200 anayekalia kiti anamwona kama mkono unaoingia katika sahani yake. Dhambi ya kumwacha mtoto njiani ni yake, hatuiondoi. Lakini aliyempanga mahali ambapo wema unamfilisi kila siku naye ana fungu lake.

Mambo haya hayakuanza jana. Tangu wakati wa Waingereza, mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa ya kampuni moja, DMT, ambayo baadaye ilishikwa na Serikali. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikapewa mji, na KAMATA ikapewa safari za mikoani. Kampuni moja, mabasi ya umma, nauli ndogo, kila mtu apande: mpango mzuri kwa kuusikia. Lakini nauli ilipangwa na Serikali kwa kuwahurumia watu, na kile kilichopungua hakikujazwa ipasavyo. Tena vipuri vilitoka nje, na feza za kigeni zilikuwa haba, hasa baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979. Basi likiharibika linawekwa pembeni. Kesho linang'olewa vyuma vyake ili jingine litembee. Keshokutwa na hilo jingine limelala. Rahisi ghali, wasema wazee. Abiria hakuona nauli ikipanda, aliona basi halifiki.

Hapo watu wenye magari wakaanza kupakia kwa kificho, kinyume cha sheria, na watu wakayapanda kwa furaha, kwa maana yalifika. Mnamo 1983 Serikali ikakubali, ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli yao ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, konda akiita «Dala! Dala!», jina likapatikana. Angalieni jambo hili vizuri, maana ni fundisho kubwa kuliko vitabu vingi. Mji ulikuwa na nauli ndogo isiyo na basi. Ukapata basi lenye nauli kubwa kidogo, nao ukashukuru. Lakini katika badiliko hilo, wale wasioweza kulipa nauli nzima hawakuwekewa mtu wa kuwalipia. Serikali ilibaki na kalamu ya kupanga bei: kwanza kwa ofisi zake za leseni, kisha kwa mamlaka ya SUMATRA iliyowekwa na sheria ya 2001, na tangu 2019 kwa LATRA. Kalamu bila mfuko.

Kalamu peke yake hushindwa upesi, na huko kwetu twalijua hilo. Dereva wa Dar es Salaam anayeona njia ndefu haimlipi, huikata: anashusha watu katikati ya safari, anageuza gari, na aliyetaka kufika mwisho wa njia alipe mara ya pili katika gari jingine. Wao husema amekatisha ruti. Watu wa Kinshasa wakisikia hivyo watacheka, kwa maana wanalo neno lao la demi-terrain, nusu ya safari, na ujanja ni ule ule. Bei ya njia nzima imepangwa na wakubwa wa mji; hawakupanga kwamba njia haitakatwa vipande, na walipokataza, hawakuwa na mtu wa kusimama kila njia panda. Mama atokaye soko na kapu lake hulipa mara mbili, hata mara tatu, kwa safari ambayo tangazo la Serikali lasema ni moja. Na askari anayepanda bila kulipa, kama ilivyo desturi yetu mbaya, naye ana mlipaji wake: ni mama yule yule.

Tena Kinshasa umejaribu mambo ambayo miji mingi haikuyajaribu. Wazee wa mji wanayakumbuka mabasi ya ajabu yaliyotembea pale, Léopoldville ya wakati ule, toka 1955 hadi 1959. Yaliitwa gyrobus, yalitengenezwa na Waswisi, na hayakutumia mafuta. Chini ya sakafu palikuwa na gurudumu zito la chuma lililozungushwa kwa umeme kituoni. Likisha kupata mwendo, mzunguko wake ulitoa nguvu ya kuliendesha basi hadi kituo cha mbele, kilomita 2 hivi, ambapo lilizungushwa tena. Njia zilikuwa nne. Hakuna mji mwingine duniani uliokuwa na mtandao mkubwa wa mabasi ya namna hiyo kuliko huu wa Kongo. Lakini mvua iligeuza barabara za udongo kuwa matope, madereva walizipitia ili kufupisha safari, vyuma vikachakaa, na umeme ulioliwa ulikuwa wa bei isiyovumilika. Mabasi ya mafuta yakachukua mahali pao. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu wetu hupenda kufikiri kwamba shida ya usafiri ni shida ya chombo: tuleteeni mabasi mapya, yote yatatengenea. Chombo kilikuwa kipya kuliko vyote.

Baada ya hapo kampuni za umma zilikuja na kupita, na kwa sehemu kubwa mji ukabebwa na malori yenye mabenchi ya mbao, fula-fula, na baadaye na magari ya mizigo yaliyotobolewa madirisha, ambayo watu wenyewe waliyabatiza Esprit de mort. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa mwanzo wa 1993 ulimaliza mengi yaliyokuwa yamebaki. Mnamo 2013 Serikali ikaanzisha Transco, mabasi makubwa, safi, yenye vituo na tiketi. Watu walifurahi, na furaha yao ilikuwa na haki. Lakini nauli ndogo kuliko gharama yataka ruzuku, yaani feza ambayo Serikali huijazia kampuni ili nauli isipande. Na ruzuku yataka kufika kila mwezi, si siku ya sherehe tu. Wafanyakazi wa Transco waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara iliyochelewa. Dereva asiyelipwa hawezi kulea basi. Ni hadithi ya UDA, imehamia mto mwingine.

Sasa tutoke mjini. Mjini basi hujaa; ugomvi ni juu ya nani akalie kiti. Kijijini viti ni vitupu, na hapo swali letu linakuwa gumu zaidi. Kijiji chenye nyumba hamsini hakiwezi kujaza basi kila siku, hata kila mtu alipe nauli nzima. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa yuko huko, na mtoto wa darasa la sita yuko huko, na mihogo inayolisha mji inatoka huko. Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya 1961, aliposema juu ya wakulima alitaja huduma ambazo mashambani hukosekana: barabara, usafiri, maji safi ya kunywa, nyumba, matibabu, shule. Aliziagiza serikali zishughulike nazo, kwa maana mahali zinapokosekana, watu hukimbia shamba na hakuna awezaye kuwazuia. Sisi tumeyaona macho kwa macho. Kijana wetu anapanda juu ya magunia ya makala, lori linaondoka, harudi tena.

Ni nani basi amlipie mtu wa kijijini? Nchi moja imejaribu majibu mengi juu ya jambo hili, na kwa kuwa vitabu vyake viko wazi, yafaa kuitazama: ni Uingereza. Msishangae kwamba twaruka mbali hivyo. Waingereza ni matajiri kuliko sisi, lakini basi tupu ni basi tupu, liwe Kasongo au Oxfordshire.

Kwa sheria ya mwaka 1930, hakuna aliyeweza kuendesha basi huko bila leseni ya njia ile hasa anayopita. Walikuwako makamishna waliokubali au kukataa njia, saa na nauli. Kampuni iliyopata njia nzuri ya mjini ililindwa: mwingine haingii kumnyang'anya abiria. Lakini ulinzi huo ulikuwa na malipo yake. Faida ya njia iliyojaa ilitazamiwa kubeba njia za vijijini zisizo na faida. Abiria wa mjini, bila kujua, alikuwa anamlipia mkulima senti chache kila siku. Mpango huo ulidumu miaka zaidi ya hamsini. Haukuhitaji feza nyingi za Serikali, kwa sababu feza ilitoka ndani ya basi lenyewe.

Ugonjwa wake ulikuja na motokari. Baada ya miaka ya 1950 Waingereza wengi walinunua magari yao, mabasi yakapungukiwa na watu, na njia nzuri hazikuwa na faida ya kutosha kubeba zile mbaya. Kampuni zikapandisha nauli, abiria wakapungua tena, zikapandisha tena. Hapo Serikali ikalazimika kutoa mfuko wake. Sheria ya 1968 iliziruhusu halmashauri kuyalipia mabasi ya vijijini, na Serikali kuu ikatoa nusu ya malipo. Mwaka uliofuata kampuni nyingi zikawekwa chini ya kampuni moja ya taifa. Kumbe! Kile kilichofichwa ndani ya nauli ya mjini sasa kiliandikwa katika kitabu cha hesabu cha halmashauri, na kila mjumbe alikiona, na kila mjumbe aliweza kukikata.

Ndipo ikaja Serikali ya Margaret Thatcher, iliyoamini kwamba mashindano ya biashara yataponya yote. Kwa sheria ya 1985, tangu tarehe 26 Oktoba 1986, nje ya London kila mwenye kampuni iliyo halali aliweza kufungua njia aitakayo kwa nauli aitakayo. Ilimpasa tu kutoa taarifa siku 42 kabla ya kuanza, na vivyo hivyo kabla ya kuacha. Kampuni ya taifa ikavunjwa na kuuzwa vipande vipande. Njia ambazo hakuna aliyezitaka, halmashauri iliweza kuzinunua kwa zabuni, kama ina feza.

Matunda yake? Tuwe waaminifu, kwa maana wengine husema kila jambo la biashara ni ovu. Gharama ya kuendesha basi kilomita moja ilishuka, na mabasi barabarani yaliongezeka. Lakini yaliongezeka wapi? Palipokuwa na watu tayari. Katika Manchester, barabara zenye wanafunzi wengi wa chuo zilijaa mabasi ya kampuni mbalimbali yakifukuzana, wakati mitaa ya pembeni na vijiji vilipoteza safari za jioni na za Jumapili. Faida ya mjini haikubeba tena kijiji, kwa maana mshindani aliila. Katika miji mikubwa nje ya London abiria walipungua sana. London yenyewe, ambayo haikutiwa katika sheria ile, ilishika njia nyingine: mji unapanga njia, saa na nauli, na kampuni hushindana kwa bei ya kuendesha tu. Huko abiria wakaongezeka. Na pale halmashauri zilipokosa feza, kijiji kiliona mara moja: Oxfordshire iliondoa ruzuku zake zote za mabasi katika 2016. Mahali pengi wanakijiji waliostaafu walishika usukani wenyewe, wakiendesha mabasi madogo kwa kujitolea. Ni jambo la sifa, lakini si jambo la kuitegemea nchi nzima.

Katika hadithi hii ya Waingereza kuna sehemu moja tunayotaka wasomaji waitie moyoni, kwa kuwa inamhusu yule mtoto wa Dar es Salaam. Tangu Aprili 2008, wazee na watu wenye ulemavu katika Uingereza yote hupanda mabasi ya njia za kawaida bila kulipa, nje ya saa za msongamano wa asubuhi. Je, makonda wa huko waliwaacha wazee kituoni? Hapana. Sheria inaagiza kwamba kampuni irudishiwe feza, kwa kanuni hii: kwa kumchukua mzee yule isipate hasara, wala isipate faida. Kampuni na halmashauri hugombana kila mwaka juu ya kiasi chenyewe, barua huandikwa, mahesabu hupingwa. Ugomvi huo uko ofisini. Hauko mlangoni pa basi, mbele ya mzee mwenye fimbo. Vivyo hivyo mnamo Januari 2023, Serikali ilipoamuru safari moja katika Uingereza isizidi pauni 2 katika kampuni zilizokubali, ilizilipa kampuni hizo kilichopungua. Na ilipoona mzigo umekuwa mzito, tangu Januari 2025 ikapandisha mpaka huo kuwa pauni 3. Kila mtu aliona nani alilipa, na nani alichoka kulipa.

Manchester, iliyoteswa sana na mashindano, ilirudi nyuma kabisa. Sheria ya 2017 ilimpa meya uwezo wa kushika mabasi kama yanavyoshikwa London. Kampuni mbili zilimpeleka mahakamani, zikashindwa katika 2022. Mnamo Septemba 2023 mabasi ya kwanza ya rangi ya manjano yalitoka chini ya amri ya mji, na kufika Januari 2025 eneo lote la Greater Manchester lilikuwa chini ya mpango huo. Ni mji wa kwanza nje ya London kufanya hivyo tangu 1986.

Turudi Afrika. Wengine watatuambia: Waingereza wana kodi, sisi tuna nini? Neno hilo lina ukweli nusu. Kongo iliweka katika 2008 mfuko wa kutengeneza barabara, FONER, unaojazwa na sehemu ya bei ya mafuta na malipo ya njiani. Kila mwenye kununua lita ya mafuta huchangia, apende asipende. Hatusemi kwamba mfuko huo umefanya yote uliyoitiwa. Kila anayesafiri wakati wa mvua ataamua mwenyewe. Twasema tu kwamba njia ya kukusanya senti ndogo kutoka kwa wengi kwa ajili ya kazi moja iliyotajwa si kitu kigeni kwetu. Kama senti hizo zaweza kulipia kifusi na madaraja, hakuna sheria ya mbinguni inayozizuia kulipia kiti cha mtoto.

Dar es Salaam nayo haikulala. Tangu Mei 2016 mabasi marefu ya mwendo kasi yanapita katika barabara yao wenyewe kati ya Kimara na Kivukoni, kwa mradi uliokopeshwa feza na Benki ya Dunia. Nayo yamekuwa na taabu zake: magari machache kuliko watu, na karakana iliyojengwa Jangwani, bondeni, ambayo maji ya mvua yaliiingia na kuharibu mabasi. Wahandisi watasema mengi juu ya kujenga karakana mahali pa namna hiyo. Lakini kwa mtoto wa shule njia hii ina tofauti moja kubwa: tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda, na dereva hapokei sarafu mkononi. Asiyepokea sarafu hana sababu ya kumkimbia mwenye sarafu ndogo.

Na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Katika magari yetu mengi, Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu, vilevile katika daladala nyingi, abiria hulipa mkononi na hapewi karatasi. Serikali ikiamua kesho kumlipia kila mwanafunzi, italipa kwa ushuhuda gani? Mwenye gari atasema alichukua watoto mia mbili. Ni nani aliyewahesabu? Watu wa hazina watakataa, na safari hii watakuwa na haki, kwa maana feza ya umma isiyohesabiwa huwa na miguu. Kabla ya ruzuku hutangulia tiketi, na kabla ya tiketi hutangulia idadi: shule hii ina watoto wangapi waishio mbali kuliko mwendo wa miguu, wanatoka mitaa gani, wanapanda saa ngapi. Kazi ya namna hiyo haingojei wizara. Daftari la darasa lina jina la kila mtoto na mtaa wake. Kamati ya wazazi, kwa juma moja, yaweza kusimama kituoni asubuhi na kuandika mabasi mangapi yalipita, mangapi yalisimama, watoto wangapi walibaki. Karatasi hiyo, ikiwa na tarehe na saa, ikipelekwa kwa mkubwa wa mji pamoja na jina la kituo, ni neno ambalo hawezi kulijibu kwa kusema kwamba bei ya mwanafunzi imekwisha kupangwa.